Chupa ya Siku ya Saba

Yule daktari nilimchukia, na hadi leo sijaona sababu ya kuacha. Miaka ya sabini nilikuwa mfanyakazi wa maabara katika hospitali moja ya Shinyanga, na mgonjwa wake alikuwa baba yangu mzazi, mfugaji. Kwa miezi mitatu homa ilikuja na kuondoka, jasho likilowesha shuka. Daktari akausikia moyo unapiga ovyo, akahisi kuna vijidudu vimeng'ang'ania vali, kile kilango cha moyo. Hapo alikuwa sawa.

Baba alijua Kisukuma tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri. Daktari hata shikamoo hakumpa mzee. Akaniuliza mimi, amekunja uso: "Hawa wenzako bado wanakunywa maziwa bila kuchemsha? Bado wanaingiza mikono mitupu kwenye ng'ombe anayezaa?"

Loo, damu ilinichemka! Mimi na koti langu jeupe niitwe mshamba mbele ya manesi? Nikajibu, "Hapana." Wala swali sikumfikishia baba. Ilhali mtindi wetu haukuwahi kuona moto, na msimu ule baba alikuwa amevuta ndama watatu kwa mikono yake.

Damu yake tukaitia kwenye chupa ya supu ya kuoteshea vijidudu. Chupa zilikuwa haba. Isiyoonyesha kitu hadi siku ya saba inamwagwa, inaoshwa. Vijidudu vya ng'ombe, vile vya maziwa mabichi na uzazi, huota polepole, hata wiki tatu, ila nani angevisubiri wakati mimi nimeshasema hapana? Siku ya saba supu ilikuwa safi. Niliimwaga mwenyewe, chupa nikaisugua kwa sabuni. Daktari akaandika malaria.

Baba alipovimba miguu ndipo nikasema kweli. Daktari alinitukana mpaka mate yakamtoka, na nilistahili, mshenzi yule. Tukatoa damu nyingine. Siku ya kumi na nane supu haikuwa angavu tena, na kwenye darubini nikaviona, vidogo kama vumbi. Dawa zikaanza, lakini vali ilikuwa imeshaliwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba hakuficha kitu, hakuulizwa tu.

Siku mbili kabla hajafa aliniuliza daktari alisema nini siku ile ya kwanza, maana alimwona amekunja uso.

"Alikuamkia, baba," nikasema.

"Marahaba yake," akajibu. "Kumbe kijana ana adabu."