Ndege Niliyoiangusha

Mama yangu alijua ndege nyingi kuliko rubani yeyote aliyewahi kutua Mandera, na zote ziliwaka moto. Mimi ndiye niliyeziwasha.

Macho yake yaliondoka polepole. Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu, la kulia likafuata, hadi akabaki anatofautisha mwanga na giza na umbo la mtu aliyesimama mlangoni. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa mjini, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu ambaye posa zake mbili zilikuwa zimerudishwa, kwa hiyo niliishi na mama. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilichomeka flashi kwenye televisheni, nikaketi kando yake mkekani, nikamsimulia filamu kwa Kisomali. Za mapenzi hakuzitaka, alisema ni za watu wasio na kazi. Za vita alikuwa amezisikia za kweli kutoka ng'ambo ya mpaka. Lakini nikimwambia kwamba ndege iko angani, injini moja imekufa na ndani mna watu mia mbili, aliweka tasbihi chini akanisogelea.

Kwetu msimulizi hasimulii peke yake. Msikilizaji humwitikia "haye" kila baada ya maneno machache, yaani endelea, niko nawe. Asipoitikia, hadithi imekufa. Haye za mama zilikuwa mshahara wangu wa pili. Rubani akishika kifua na kuanguka juu ya usukani, haye. Mwizi akifungua mkoba wenye bomu, haye, haye. Na kabla ndege yoyote haijaruka alinitaka nisimamishe picha kwanza, akawasomea abiria dua ya safari, kisha akaniambia, "Haya, sasa waende."

Nilitia chumvi, sikatai. Injini iliyotoa moshi kidogo mimi niliiwasha moto. Mlango uliotikisika niliung'oa kabisa. Lakini mwishoni kila ndege niliitua salama, hata zile zilizokuwa zinazama baharini mbele ya macho yangu, kwa sababu sikutaka mama alale na maiti za watu aliowaombea dua. Nilijiona mwana mwema sana.

Kilichotokea ni kwamba mama alizielewa ndege kwa njia yake. Hakuwahi kusimuliwa ndege iliyokwenda na kufika bila balaa, maana nani atengeneze filamu ya ndege hiyo? Kwa hiyo aliamini kwamba safari zote za ndege ndivyo zilivyo. Ndege ndogo ya kutoka Nairobi ikinguruma juu ya paa letu kwenda kutua, aliinua uso na kusema, "Alhamdulillah, wamepona." Jirani akirudi kutoka Nairobi, mama alimshika mikono yote miwili na kumpa pole. Watu walidhani ni baraka za mwanamke mzee. Mimi nilijua ni kazi ya mkono wangu, nikanyamaza, kwa kuwa ilinifurahisha.

Kisha mdogo wangu akaoa msichana wa Islii, Nairobi, naye akaletwa kwetu kwa ndege.

Alipoingia uani na hina yake mbichi, mama alimkamata mikono hata kabla ya kumuuliza habari za wazazi wake. "Hooyo," alimwambia, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao kwa jina lao wenyewe la mama, "nani aliishusha?"

"Aliishusha nini, hooyo?"

"Ndege."

"Rubani, nafikiri. Wallahi sijui, nilikuwa nimelala."

Mama alinigeuzia uso wake usioona. "Umesikia? Alilala!"

Katika miaka yote niliyomtumikia sikuwahi kupata sifa ya namna ile. Hasidi hana sababu, wanasema Waswahili, lakini mimi sababu nilikuwa nayo na nilikuwa nikila nayo chakula kila siku. Yule msichana alikuwa mpole na mchapakazi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana hakunipa pa kumchukia. Kazi zake zikiisha asubuhi aliketi na mama, na mama alimuuliza habari za ndege. Akamweleza. Unafungwa mkanda tumboni. Unapewa peremende. Masikio yanaziba, unameza mate, yanazibuka. Kuna mtoto analia nyuma. Chini kila kitu ni chekundu na kikavu, halafu unaona mstari wa kijani, ndio mto Daua, na mtu anasema tumefika.

Siku moja nilirudi nyumbani mapema, nikaketi chini ya dirisha kusahihisha insha, nikasikia mama anasema, "Haye." Hakuwa ananiambia mimi. "Haye," akasema tena. "Rudia hapo pa peremende."

Nilihisi kama mtu aliyetoka msikitini akakuta mwingine amevaa viatu vyake. Ilikuwa hadithi gani ile? Hapakuwa na moto wala bomu, hata upepo mbaya haukuwepo. Hadithi ya watu walioketi, wakala peremende, wakashuka! Na mama aliisikiliza jana, akaisikiliza leo, akataka kesho pia. Nikaanza vituko visivyofaa kwa mtu wa umri wangu. Nilipandisha sauti ya televisheni yeye akiongea. Nilimtuma chai wakati sina kiu. Nilimsahihisha Kisomali chake cha Nairobi mbele ya wageni, naye akasema, "Asante, abboowe," kama unavyomwambia kaka mkubwa, bila hata chembe ya kejeli. Nikazidi kuchukia.

Mwaka huo tulimpeleka mama hospitali kwa daktari wa macho, kijana wa kutoka kusini mwa nchi aliyekuwa amehamishiwa kwetu. Alimmulika kila jicho, akasema anahitaji upasuaji ambao hapa haufanyiki, aende Nairobi, na asichelewe. Kwa basi haikuwezekana. Mama aliwahi kuvunjika nyonga, na barabara yetu tunaijua. Nilipokuwa nasomea ualimu Garissa basi liliwahi kukwama matopeni karibu na Tarbaj hadi abiria tukawa ndugu. Daktari akasema, kama ni hivyo, mumpandishe ndege.

"Daktari," mama akamjibu kwa Kiswahili chake kisichojua p, "mimi ndege nabanda hapana. Ndege iko na moto."

Daktari akacheka. "Nani amekudanganya, mama? Ndege ni salama kuliko basi."

"Kijana yangu ndiyo nasema. Yeye mwalimu."

Wote wakanitazama: daktari, mdogo wangu, na mke wa mdogo wangu aliyekuwa amemshika mama mkono. Ningesema sentensi moja tu. Ningesema, mama, zile ni filamu, na moto mwingi niliutia mimi. Badala yake nilikunja ukosi wa shati langu nikasema mama ni mzee, tusimlazimishe.

Nitasema wazi kilichokuwa moyoni, maana nimekificha muda mrefu. Niliogopa apone. Akiona, atanihitaji wa nini? Nilikuwa naonea wivu macho ambayo mama yangu hajayapata bado.

Shemeji yangu hakukata tamaa. Wiki mbili nzima alimpandisha mama ndege ile ile isiyo na balaa, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mama mwenyewe akawa anajua wakati wa kumeza mate. Siku moja wakati wa chakula akatangaza, "Nitakwenda. Lakini huyu akae kando yangu." Huyo ambaye mama alimshika bega alikuwa shemeji. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa sahani. Mdogo wangu akakata tiketi mbili za Alhamisi, akaniuliza kama nina neno. Nikamwambia neno gani, kwa sauti ambayo wanafunzi wangu wakiisikia huficha simu.

Jumatano alasiri nilikuja na filamu mpya.

Ilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko zote nilizowahi kumletea. Ndege kubwa, usukani umegoma, rubani mwanamke anapambana nao mikono ikimtoka damu, na kiti cha katikati mtoto wa kike anasafiri peke yake kwenda kwa baba yake. Mama aliwasomea dua, akaniruhusu. Nilisimulia siku ile kuliko nilivyowahi kusimulia maishani. Haye zilikuja moja baada ya nyingine, za kwangu zote, na kila moja iliniambia kwamba kesho saa kama hizi atakuwa Nairobi na mtu mwingine.

Ndege ikakaribia ardhi. Kwenye televisheni iligusa uwanja, ikaburuzika, ikatoa cheche, ikasimama. Milango ikafunguka. Watu wakateleza chini kwenye ile ngazi ya mpira, wakakumbatiana, wakalia kwa furaha.

"Imeanguka," nikamwambia mama.

Hakuitikia.

"Imekatika vipande viwili. Moto kila mahali. Hakupona hata mmoja."

"Na yule mtoto?"

Mtoto yule alikuwa mbele yangu, amebebwa na baba yake, anacheka. "Naye pia," nikasema.

Mama alifunika uso kwa mtandio, akalia. Niliinua macho nikamwona shemeji amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliitazama televisheni, ambapo watu walikuwa bado wanakumbatiana. Akanitazama mimi. Angepiga kelele ningepata la kujibu. Aliweka sinia chini, akamimina chai, akakitia kikombe kwenye mkono wa mama na kukishikilia pamoja naye hadi akanywa.

Alhamisi ile ndege iliondoka bila wao. Niliisikia ikipita juu ya shule nikiwa nafundisha kipindi cha tatu. Mama alikataa hata kusikia neno Nairobi, na hospitali ya kule ikasema nafasi nyingine ni baada ya mwezi mmoja.

Nilitarajia nitafurahi. Lakini alasiri mama hakutaka tena filamu. Alikaa na tasbihi yake, na shemeji alipojaribu kumweleza habari za peremende akamwambia, "Wewe Mungu alikuokoa kwa sababu ulikuwa bibi harusi." Basi tukawa sote wawili hatuna msikilizaji. Nilimtazama shemeji siku zile nikingoja amwambie mumewe, amwambie mama, auambie mtaa mzima. Hakusema. Juma lilipopita alinisimamisha langoni, akazungumza Kiswahili cha Nairobi, ambacho mama hakukifuata vizuri.

"Abboowe, mi niliona. Ile ndege ilitua. Nimekupa wiki mzima ujisemee mwenyewe, juu wewe ni mkubwa na sitaki kukuaibisha. Kesho namwambia."

Nilitaka kumuuliza yeye ni nani katika nyumba yetu. Neno lilikuja hadi kwenye meno, nikalimeza. Nilikwenda moja kwa moja ndani, nikaketi mkekani.

"Hooyo," nikasema, "ile ndege ilitua. Mtoto yuko hai. Nilikudanganya."

Alisitisha tasbihi. "Na zile nyingine?"

"Nyingine zilitua kweli. Nyingine zilianguka, mimi nikazitua. Moto niliuongeza. Na ndege hizi za kwetu haziwaki, hooyo. Zinakwenda na kurudi kila siku. Ni kama anavyosema yeye."

"Zilizoanguka ukazitua," akasema polepole, "na iliyotua ukaiangusha. Kwa nini?"

Mtu aliyefundisha lugha kwa miaka kumi angetegemewa kuwa na jibu zuri. Nilisema, "Ulikuwa unamsikiliza yeye."

Aliweka tasbihi chini. Kisha akanitafuta kwa mkono, akalipata sikio langu, akalivuta kwa nguvu kama nilipokuwa na miaka saba na nimepoteza mbuzi. Iliuma kweli. Hakusema kama amenisamehe. Alimwita shemeji, akamwambia amtafutie viatu vya safari.

Mwezi ulipotimia walikwenda wote wawili. Mimi niliwasindikiza hadi uwanjani, nikasimama nje ya seng'enge. Shemeji ndiye aliyempandisha ngazi, ngazi moja moja, akimnong'oneza kitu sikioni, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilitaka kujua anamwambia nini. Ndege ikaruka bila moshi. Nilibaki pale nikiitafuta angani, nikiwa na hofu ile ambayo nilikuwa nikimpa mama kila alasiri bila kuionja mwenyewe.

Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto madaktari walisema halitarudi, limechelewa. Hawakusema kama ule mwezi mmoja ulikuwa na lawama yoyote, nami sikuuliza, na hadi leo sijauliza.

Aliporudi alinitazama muda mrefu pale uani. "Kumbe una mvi," akasema. Kisha akawatazama mbuzi, na mlango, na mikono yake mwenyewe. Shemeji alimzungusha nyumba nzima akimwonyesha vitu, wakicheka kwa mambo ambayo yalitokea Nairobi na mimi siyajui.

Nilimwacha apumzike wiki tatu. Kisha nikanunua filamu ya ndege, mpya kabisa, nikaichomeka baada ya alasiri. Mama alivuta mkeka hadi karibu na televisheni, akageuza kichwa kidogo ili jicho zima lielekee mbele. Abiria wakaingia. Niliketi mahali pangu kando yake, nikasafisha koo.

"Ndege ni kubwa," nikaanza, "ina watu kama mia tatu, na yule mwenye koti jeusi..."

"Nyamaza kidogo, hooyo," akasema bila kunigeukia. "Naona."