Mpima Chuma wa Kisumu Ndogo

Nashon Ojwang alikuwa mtu wa kufika kabla ya wengine na kuondoka kabla yao. Kazi yake ndiyo ilitaka hivyo. Kampuni moja ndogo ya Industrial Area ilimwajiri kupima chuma: tangi likipasuka, au boila ya kiwanda, yeye hutangulia kabla fundi hajachomelea. Husugua rangi kwa grenda hadi chuma king'ae, kisha hukandamiza juu yake kitu mfano wa bastola, cheche ikalia, na mashine ikamwambia chuma kimechanganywa na nini. Chenye kaboni nyingi, ukikichomelea ovyo, hupoa kikawa kigumu kama glasi, halafu kinapasuka kando ya pale pale ulipokishona. Akishatoa majibu, Nashon hufunga vyombo na kwenda zake. Kitu kikipona, yeye hayupo kuona.

Alikuwa amepanga chumba Kisumu Ndogo, Kibera. Mkewe Adero alijaribu Nairobi mwaka mmoja, akasema kifua chake hakielewani na moshi wa hapa, akarudi nyumbani Rachuonyo na watoto. Siku nyingine maneno pekee aliyoyasema Nashon jioni ni ya kumsalimia Amondi, muuza omena, dagaa wa ziwani, wa pale mlangoni.

Rafiki alikuwa na mmoja. Muli, fundi wa kuchomelea kutoka Machakos, aliishi Kawangware na mkewe Syombua. Jumapili baada ya kanisa Nashon alitembea hadi huko, akala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wakabishana kuhusu mpira mpaka Syombua akawafukuza nje na kelele zao.

Mwaka wa tisini na sita, shamba moja la maua ng'ambo ya vilima vya Ngong lilikuwa na mtambo wa umeme wa upepo, na mnara wake ulikuwa umepata ufa chini, kwenye fremu ya mlango. Muli akapewa kazi ya kuurekebisha. Miaka yote alikuwa kibarua wa watu. Hii ilikuwa kazi ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Nashon akatumwa naye, apime kwanza.

"Hii nikiimaliza poa, omera," alimwambia Nashon njiani, akimwita ndugu kwa Kijaluo, "hakuna mtu ataniita kibarua tena."

Walipofika, Muli alibaki nyuma ya pikapu akipanga nyaya zake huku akiimba kwa Kikamba. Nashon akasugua, akapima. Akahama kidogo, akapima tena. Majibu yalikuwa yale yale. Meneja wa shamba, Mburu, alikuwa amesimama begani pake.

"Inasema nini?"

"Chuma cha hii fremu kina kaboni mno. Mkichomelea hapa, ufa utarudi, na mara hiyo mnara wenyewe unaweza kuanguka. Fremu yote itolewe. Waulizeni waliotengeneza mtambo."

Mburu hakuwa mtu mbaya. Alishukuru, akamwendea Muli. "Fundi, kusanya vitu. Kazi hakuna."

Muli alimtazama Nashon juu ya bega la meneja. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

Walirudi mjini wameketi nyuma ya pikapu, upepo ukiwapiga usoni.

Jumapili iliyofuata Syombua alisema Muli ametoka. Jumapili nyingine akasema vilevile, lakini viatu vya Muli vilikuwa pale mlangoni. Nashon akaviangalia, akaaga, asiende tena.

Miezi ikapita. Siku moja, akielekea kazini Kajiado, aliuona ule mtambo kwa mbali ukizunguka. Bila shaka fremu ilikuwa imebadilishwa. Alitamani kumwambia mtu, lakini dereva hakuwa wa kuongea.

Ndipo akakutana na Syombua soko la Toi, akichagua sweta za mitumba.

"Shemeji, ulitupotea."

"Si Muli alinichoka? Mashine haikudanganya, shemeji. Ningesema nini?"

"Hata yeye anajua haikudanganya." Syombua alirudisha sweta mahali pake. "Anasema ulikuwa karibu naye pale. Ungemwita kando kwanza. Yeye akaja kusikia kazi yake imekufa kutoka kwa mdomo wa meneja."

Miezi yote hiyo Nashon alikuwa akiyarudia majibu ya mashine kichwani, akitafuta kosa. Hili halikuwahi kumjia.

Muli sasa alikuwa Mombasa, akichomelea meli. Aliporudi Krismasi, Nashon alienda Kawangware.

"Ningekuita wewe kwanza," alisema hata kabla hajaketi.

Muli alizungusha kikombe mkononi. "Ungeniita," akasema. Kisha akamsukumia sahani. "Kula, kinapoa."

Walikula. Waliongea habari za joto la Mombasa na bei ya samaki, mambo ya watu wawili wasiojuana sana.

Januari familia yote ya Muli ilihamia Mombasa. Nashon alikuja kusaidia kubeba kitanda na cherehani hadi kwenye lori. Muli alimpa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida, akapanda. Syombua akapunga kitambaa hadi lori lilipokata kona.

Nashon alisimama pale na vumbi mikononi. Jirani mmoja akamuuliza kama yeye ndiye mpangaji mpya. Akasema hapana, akaanza kutembea, maana asubuhi alitakiwa Thika, kulikokuwa na boila ya kupimwa.