Gari Linalokohoa Alfajiri Tu

Saa kumi na moja alfajiri, geti la kampuni ya kuuza magari bado limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi anafungua huku akipiga miayo, anamtazama mwanamke aliyeshika chupa ya chai, anatikisa kichwa.

"Dada Mapokezi, umefukuzwa nyumbani?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa kabla hajaamka," anajibu, na moja kwa moja anaelekea kwenye gari dogo jeupe la mizigo, lililolala hapo tangu jana mchana. Ndani linanukia mikate.

Dada Mapokezi ndilo jina analoitwa na kila mtu hapa. Mwaka wa tisa huu yuko kwenye kaunta ya dhamana, au waranti kama wengi wanavyoiita. Anasikiliza kilio cha mteja, anakiandika kwenye fomu, anawapelekea mafundi, kisha anakibembeleza kiwanda kilipie matengenezo. Simu ni thelathini kwa siku, na si zote za salamu. Kuhusu mshahara anacheka: "Huo hufika nyumbani umeshachoka."

Leo hacheki sana. Dhamana ya gari hili inaisha leo, saa kumi na moja jioni.

Mwenye gari ni mama mwoka mikate, anayesambaza madukani kabla jua halijachomoza. Mara mbili amelileta akisema linakohoa na kutetemeka. Mara mbili amerudishiwa, fomu imepigwa muhuri: "Hakuna tatizo lililoonekana." Kila likifika kwa mafundi linatulia tuli, kama mtoto aliyelia usiku kucha halafu kwa daktari anacheka. Dhamana ikiisha, kuitengeneza injini kutamlia faida ya mikate elfu nne.

Juzi alikuja mara ya tatu. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Niliwaambia alfajiri. Mara zote mbili nilisema alfajiri."

Dada Mapokezi akafukua fomu za zamani. Mwandiko ni wake mwenyewe: "Gari linatetemeka likiwashwa." Alfajiri haimo. Kisanduku cha malalamiko ni kidogo, foleni siku hizo ilikuwa ndefu, akafupisha. Mafundi wakalipima saa sita mchana, injini ikiwa bado ina joto la safari.

"Niliona aibu mpaka masikio yakawaka," anasimulia. "Mama wa watu kasema, mimi nimekata. Nikamwambia ukweli uso kwa uso. Akanitazama weee, halafu akasema, 'Basi, mwanangu, liandike sasa.'"

Ndiyo maana aliomba gari lilale hapa. Mama yake mzazi, anayeishi naye, alimcheka alipokuwa anatoka: "Siku hizi unayaamkia magari kama ng'ombe wa kukamua!"

Saa kumi na moja na nusu fundi mkuu anafika, koti hadi shingoni. Dada Mapokezi anawasha kamera ya simu, anataja tarehe na saa. Fundi anazungusha ufunguo.

Gari linakohoa mara moja, mara mbili, linatikisika hadi kioo cha pembeni kinacheza. Nyuma unatoka moshi mweupe.

"Haya! Limesema!" Dada Mapokezi anaruka, nusura aangushe simu.

Fundi anazima upesi, anafungua plagi moja ya kuwashia injini, anaigeuza kwenye mwanga wa tochi. Imelowa. "Maji ya rejeta yanapenya usiku kwenye gasketi ya silinda hedi, kizibo cha juu ya injini, yanaingia ndani. Injini ikishapata moto panajibana, hata mimi ningesema gari ni zima." Anaguna. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huu ufa tumeupita mara mbili."

Saa tatu asubuhi video imeshatumwa kiwandani. Saa nne mwakilishi wa kiwanda anapiga simu. "Mafundi wenu wameandika mara mbili kwamba hakuna tatizo. Leo, siku ya mwisho, ndiyo mmeliona?"

Fundi mkuu, aliyesimama kando ya kaunta, anatazama sakafu.

"Mafundi walipima nilichoandika," anajibu Dada Mapokezi. "Mteja alieleza vizuri, mimi nikaandika pungufu. Andika hivyo, na jina langu uliweke."

Baada ya hapo ni kusubiri. Chai inapoa kwenye kikombe. Saa tisa na dakika ishirini jibu linaingia: kiwanda kitalipa. Anampigia mwoka mikate, anampa habari. "Mungu akuweke, mwanangu." Dada Mapokezi anakwenda chooni, analia kidogo, ananawa uso, anarudi kwenye foleni.

Sasa anadai fomu mpya yenye kisanduku kikubwa na swali moja la nyongeza: "Huanza saa ngapi?" Meneja amesema ataangalia. Yeye hasubiri. Kabatini ametoa fomu arobaini na tatu za mwaka huu zenye muhuri uleule, na amepania kumpigia kila mwenye gari. Amefika ya sita.

"Shikamoo, baba. Napiga kutoka mapokezi ya magari. Mwezi wa pili ulituambia gari lako linalia." Anavuta karatasi nyeupe, kubwa, isiyo na kisanduku hata kimoja. "Hebu nielezee tena, taratibu. Leo naandika yote."