Aliyelala Juu ya Pamba

Juzi niliona kwenye televisheni ndege ndogo ya mafunzo imeinamia pua, nikakumbuka alasiri moja kule Nkoma. Ndege kama ile ilitua vibaya kando ya shamba letu, ikadunda, ikavunjika gurudumu la mbele. Harufu ya mafuta ilienea kwenye pamba. Mwalimu wa urubani alibaki akiizunguka ndege. Kijana aliyekuwa anajifunza kuirusha akaja kuketi juu ya gunia letu la pamba, tulilokuwa tumeliweka kando ya njia tukingoja kuliuza.

“Umeumia, mwanangu?” mama alimwuliza.

“Hapana, mama. Nimechoka tu.”

Akasinzia palepale. Lori la wanunuzi binafsi, ambao ndio kwanza walikuwa wameanza kuja, lilipiga honi, likangoja, likaondoka bila pamba yetu. Mama hakumwamsha. Nilidhani amelisahau gunia. Siku hizi, nikirudi kutoka kazini miguu ikiwaka moto, najua hakusahau.