Majivu ya Tanuri la Sato

Taarifa ya kifo chake ilinifikia kwa picha ya mshumaa. Aliyeituma kwenye kundi la simu la jumuiya yetu hakuandika jina wala neno. Aliweka mshumaa, akafuatisha msalaba, kisha viganja viwili vilivyokutana kwa sala. Dakika chache baadaye kundi zima lilikuwa limejaa mishumaa, ungedhani umeme umekatika Mwanza nzima. Ilibidi mmoja wetu aulize, "Jamani, kafa nani?" Ndipo tukaambiwa ni yule mzee wa Mirongo, aliyekuwa msakristia wa parokia yetu kwa miaka mingi: mtu wa kutunza funguo za sakristia, kupiga pasi mavazi ya padre, kuandaa divai na kuhakikisha mishumaa ya kweli inawaka. Angeona kundi lile angecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimkosea mzee yule, na leo naomba msomaji wangu wa siku zote anivumilie nieleze nilivyomkosea.

Alikuwa Mkerewe, mzaliwa wa kisiwani, jirani na Nansio, mpole wa kutembea na mpole zaidi wa kusema. Kwa wasomaji wangu ambao si Wakatoliki, nifafanue kidogo. Jumapili ya Matawi kila muumini huondoka kanisani na tawi lililobarikiwa, akalitunza nyumbani mwaka mzima. Kwaresima nyingine ikikaribia, matawi hayo makavu hurudishwa kanisani, yanachomwa, na majivu yake ndiyo tunayopakwa usoni Jumatano ya Majivu ili tukumbuke kwamba sisi ni udongo tu. Ni alama nzuri, na haimgharimu mtu ila kukumbuka alipolichomeka tawi lake. Mwaka ninaousema, hata hivyo, mvua za vuli zilikuja na radi ya kutisha, na kwetu kuna imani kwamba tawi lililobarikiwa huifukuza radi. Wengine walilichoma kipande kwa kipande kila mbingu iliponguruma. Wengine walilibana chini ya bati. Ndugu zake wa kisiwani walilifunga kwenye pua ya mtumbwi. Mzee akatangaza Jumapili tatu mfululizo, "Leteni matawi," akaambulia yasiyojaa hata ungo, na yote ni ya wajane.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na kwangu akafika Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata tawi."

"La kwangu, mzee wangu, lililiwa na mchwa," nikamjibu bila kupepesa macho.

Tawi langu lilikuwa ukutani, limechomekwa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, juu ya kiti alichokalia. Mimi niliyesoma, ninayewasimanga wenzangu katika safu hii kwa ushirikina wao, nilikuwa nimeezeka bati jipya mwezi uliotangulia na sikutaka kufanya majaribio. Mzee alimaliza chai yake taratibu, akageuka kuangalia ukuta, akaweka kikombe chini. "Mchwa wa mwaka huu ni wengi," alisema, akaaga.

Jumatano kanisa lilifurika. Kuna Wakristo ambao hawaonekani tangu Krismasi, lakini siku ya majivu hawakosi, maana majivu yanaonekana na kila mtu hata ofisini, nao ukiwagusa paji la uso kwa bahati mbaya wanakurukia kwa ukali. Majivu ya mwaka huo yalikuwa meusi, yameshika, msalaba unasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mama mmoja wa halmashauri ya walei, yaani ya waumini wasio mapadre, mwanamke wa sauti na heshima zake, alisema mbele yangu kwamba tangu abatizwe hajapakwa majivu yenye upako namna ile. Palikuwa na kaharufu fulani kanisani, lakini kila mmoja alidhani ni ka jirani yake.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, mzee alikwenda kwenye kipaza sauti na funguo zake mkononi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alishamweleza Baba Paroko tangu Alhamisi, na Paroko alicheka akamwambia aliache, Mungu anaangalia moyo. Mzee hakuweza kuliacha.

"Ndugu zangu, wakubwa shikamooni," alianza. "Majivu mliyopakwa Jumatano hayakuwa ya matawi. Matawi hamkuyaleta, na mimi niliogopa kusimama mbele ya Paroko na sahani tupu. Nilichota kwenye tanuri la mke wangu, pale anapobanika sato wa kuuza. Nimewadanganya. Mnisamehe."

Kule nyuma mtu alicheka, akakohoa kuficha. Yule mama wa upako akainuka: "Kwa hiyo mimi nimezunguka mjini kutwa nzima na samaki usoni?"

Halmashauri ilikutana palepale baada ya misa. Mimi nilikuwa katibu. Mwenyekiti alisema kwa uchungu kwamba alama takatifu hazichezewi, na wote tukatikisa vichwa, watu tisa ambao matawi yao yalikuwa yanalinda bati, mtumbwi na duka. Alipoulizwa ana la kujitetea, mzee alitutazama mmoja mmoja. Kwangu alikawia. Nilijua anachokijua. Neno moja tu, "ukuta wa katibu," lingetosha kuniumbua. Akasema, "Sina, Mwenyekiti. Kosa ni langu." Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Wangu ulinyooka pamoja na mingine, na kwenye muhtasari nikaandika kwamba ameng'atuka kwa sababu ya umri. Aliweka funguo mezani, akatusalimia kwa heshima, akatoka. Tangu hapo alikaa benchi la mwisho, misa ya kwanza, kila Jumapili.

Nimefikiri sana juu ya alama tangu siku ile. Sina ugomvi nazo. Mtu anahitaji kitu cha kushika. Imani isiyo na maji, mafuta wala moto inaweza kuwa safi kabisa, lakini sijui bibi yangu angeifundishaje jikoni. Shida yangu ni sisi tunaoshika kitu tukaachilia kile kinachosemwa nacho. Bodaboda anapita kwenye taa nyekundu na rozari inaning'inia kwenye kioo. Kuna geti mjini lina msalaba wa chuma mrefu kuliko mimi, na juu yake kumebandikwa kwamba mbwa ni mkali na ombaomba hawatakiwi. Majivu yanasema, "Nimekosa." Kanisa zima lilipakwa maneno hayo usoni, na mtu mmoja tu akayasema kwa mdomo. Huyo ndiye tuliyemfukuza kwa kuikosea heshima alama.

Tulimzika vizuri. Parokia haikosei mazishi. Kaburi lilipata vigae na msalaba wa marumaru, ambao mjane wake hakuuomba, na kwaya iliimba mpaka ikakauka koo. Mimi nilipewa kusoma wasifu wa marehemu, nikausoma kwa sauti yangu ya redio: alitumikia sakristia kwa uaminifu, akang'atuka kwa sababu ya umri. Nilifika kwenye sentensi hiyo, nikaitambua kuwa ni yangu, nikanyamaza kidogo. Watu walidhani nimezidiwa na majonzi. Nikaendelea. Wakaitikia, "Amina."

Baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole mjane. Alinishika mikono yote miwili, viganja vyake vigumu kwa moto wa tanuri.

"Asante, mwanangu, umesoma vizuri," aliniambia. "Mwenyewe, kabla hajafa, ndiye aliyesema usome wewe. Wengine walitaka mwenyekiti, yeye akakataa kabisa. Alisema, mpeni katibu, yule anaijua habari yote."

Mzee aliniachia nafasi mbele ya watu wote, jeneza lake likiwa hatua mbili kutoka miguuni pangu, nami nikasoma nilichoandika. Kwa hiyo nayasema hapa, nikiwa nimekaa kwangu, ambako hakuna wa kuinuka kuniuliza. Yeye alikwenda kwenye kipaza sauti mbele ya aliowakosea, wakiwa hai.