Ngumi ya Kasimiri Radi

Mwaka 1993 nilikuwa nauza makoti ya mitumba Tandale, na kwa mdomo hakuna aliyeniweza Kinondoni nzima. Sijawahi kumpiga mtu hata kofi, lakini kuhusu ndondi nilijiona profesa.

Kijiweni kwetu, kwenye benchi la muuza kahawa, tulibishana jambo moja tu: Kasimiri Radi, bondia wa Temeke. Magazeti mapya, yaliyokuwa yakichipuka kila wiki, yaliandika kwamba ngumi yake ina uzito wa mfuko wa saruji. Venance, mchukuzi wa sokoni, aliamini kila neno.

"Radi hakugusi mara mbili, braza," alisema.

"Anatafutiwa wachovu! Ngumi ile mie naipokea huku nakunywa kahawa. Lile pambano lililompa jina, mwaka themanini na nne, si alipewa Kifaru? Sekunde arobaini, chali! Kifaru gani yule? Mwili kama kabati, moyo wa kuku!"

Hapo nilipanda juu ya benchi nikaigiza Kifaru alivyoanguka. Watu walicheka, wakataka nirudie, nami nikarudia. Katika pambano lile nilianguka mara nyingi kuliko Kifaru mwenyewe.

Siku hizo nilikuwa nampenda Tunu, binti wa Bunju aliyekuja siku moja kutafuta sweta. Nilimpenda hasa, hadi kula nikawa nasahau. Mara mbili aliniambia kwamba baba yake aliwahi kucheza ngumi, na mara zote mbili nilimkatiza ili nimweleze udhaifu wa Kasimiri.

Ami yangu Farhan akapeleka barua ya posa. Kwa kawaida mwoaji hukaa kwao akasubiri majibu. Mimi majibu yangu yalikuja hivi: mzee anataka kumwona kijana mwenyewe.

Tukaenda Bunju. Aliyetufungulia aliujaza mlango wote. Ukutani nyuma yake ilitundikwa picha yake ya ujana, amevaa glavu, na chini yake imeandikwa kwa wino: KIFARU.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia kule Tandale unaanguka kwa niaba yangu."

"Masihara tu yale, mzee! Ngumi ya Kasimiri nzito mno. Ile inabomoa ukuta. Wewe kusimama sekunde arobaini ulijitahidi sana."

Ami Farhan alinitazama kama mtu asiyenijua. Mzee Bakari, maana ndilo jina lake halisi, akamwomba atoke kidogo akaangalie minazi. Tulipobaki wawili akasogeza kiti.

"Haikuwa nzito," alisema kwa sauti ya chini.

"Nini, mzee?"

"Ilinigusa begani. Begani, Faraji. Nilivyoona yule kijana anavyonitazama, na zile kelele za watu, nikaogopa. Nikajilaza. Refa akihesabu, nilisikia kila namba." Akafuta macho kwa kiganja. "Mama Tunu hajui. Tunu hajui. Miaka tisa watu wananipa pole kwa ngumi ambayo sikupigwa."

"Sasa mbona waniambia mie?"

"Mji mzima ni wewe tu uliyesema kweli. Nimechoka kuibeba peke yangu."

Nilimwonea huruma, karibu nilie. Na, Mungu anisamehe, wakati huohuo nilitamani kutoka mbio hadi Tandale nikiwa pekupeku. Nilikuwa sahihi! Begani!

Nadhani aliyasoma hayo usoni mwangu.

"Tunu anakutaka, sijui kakupendea nini. Mimi sina kipingamizi. Lakini kuanzia leo ngumi ile ilikuwa nzito. Ukaseme hivyo kijiweni, wakusikie wote. Ukishindwa, posa yako ondoka nayo."

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye benchi, nikaagiza kahawa.

"Haya profesa," Venance alisema, "Radi leo vipi?"

"Nzito."

"Nini?"

"Ngumi yake. Ni nzito. Mie nilikuwa nakosea."

Kelele zilizopigwa pale sijazisikia tena hata siku ya harusi yangu. Venance alinibeba mgongoni kama gunia la viazi, akanipitisha soko zima akiwatangazia wauza vitunguu kwamba Faraji kasalimu amri. Nilipojaribu kushuka alinikaza miguu. Nilichokijua kilinifika kooni mara tatu, na mara tatu nilikirudisha.

Tunu alipopata habari alinifuata hadi kwenye makoti yangu. Aliniambia kwamba muda wote alikuwa na wasiwasi nami, anaogopa kuolewa na mwanamume asiyekubali kushindwa, na sasa wasiwasi umemtoka.

"Wanaume wangapi wanaweza kukiri mbele za watu kwamba wamekosea?" aliniuliza, macho yanamng'aa.

"Wachache," nilimjibu.