Tumbo la Benie

Benie alilijua tumbo lake kama mtu anavyomjua mbwa mkali wa jirani: kabla hajabweka, amekwisha kutafuta njia nyingine. Asubuhi ile ya siku ya tano ya juma, siku ya maombi, alikuwa anapanga kwanga, mikate ya muhogo, juu ya meza ya biashara ya mama yake, huko mtaani Kabondo, kiuno kikaanza kuvutwa. Akakaa chini polepole. Jasho la baridi likamtoka.

"Mama, imekuya."

Mama yake hakuuliza nini. Tangu Benie avunje ungo ilikuwa hivyo kila mwezi. Lakini safari hii wote wawili waliogopa kitu kingine, kwa sababu Tantine Fortunée, dada wa marehemu baba yake, alikuwa amemkuta mwezi uliopita akigaagaa mkekani, akatoa hukumu yake.

"Ile hapana ugonjwa. Ile iko bwana wa usiku! Alimuoa mutoto mu ndoto, sasa anamukasirikia juu hamuzalie batoto. Akishikwa tena, siku ya maombi tunamusimamisha mbele ya kanisa, bamufungue."

Tangu hapo Benie alichukia usingizi. Alijifunga kitambaa mara mbili kiunoni kabla ya kulala, akaweka Biblia chini ya mto, na bado moyo ulimuuliza: kama ni kweli? Aliwahi kuota anavuka mto ndani ya mtumbwi na mwanaume asiyeonekana uso, akamsimulia tantine. Na wale wasichana waliosimamishwa mbele ya kanisa, mpaka leo mtaa unawanong'onea wakipita. Nani atakuja kuposa mke wa pepo?

Tantine akafika, kitambaa cheupe kichwani. "Munaona? Ile bwana amejua tunaenda kumufukuza, ameanza kupigana!"

Wakapanda toleka, baiskeli za kukodi, kila mmoja nyuma ya mwendeshaji wake. Kwa kila shimo la barabara Benie aliuma ncha ya kitambaa ili asilie.

Kanisani Mama Marie-Jeanne, kiongozi wa maombi, alikuwa bado anafagia peke yake. Benie akapiga magoti. Si kwa kuomba, kusimama kulimshinda. Tantine akaeleza yote, mpaka na ndoto. Mama Marie-Jeanne akaegemeza ufagio ukutani, akainama.

"Binti, leo imekushika saa gani?"

"Asubuhi, mama. Jua ilikuwa tayari kali."

"Na mwezi uliopita?"

"Muchana."

"Inakuya na damu?"

"Ndiyo, mama. Siku ya pili inapunguka."

Mama Marie-Jeanne akamgeukia tantine. "Fortunée, bwana wa usiku gani huyu anakuya muchana kweupe, mama mukwe iko anamuangalia?"

Tantine akakaza kitambaa chake cheupe kichwani. Mama Benie akacheka ndani ya kiganja, kisha kicheko kikageuka machozi.

"Miye pia," akasema. "Ilinishika vile mpaka nilizaa. Niliogopa kusema. Niliona batasema ni miye nilimupatia ile pepo."

Benie akamtazama mama yake kama anamwona mara ya kwanza.

"Bon," akasema Mama Marie-Jeanne. "Tutaomba hapa hapa, siye banne. Mbele ya kanisa, hapana. Kesho mumupeleke kwa docteur amuangalie vizuri. Mungu hana haya ya kumutuma docteur."

Akaleta maji ya moto ndani ya chupa tupu ya bia, akiwa ameizungushia kitambaa.

Tantine akatoa macho. "Chupa ya pombe, mu kanisa?"

"Ndani iko maji. Omba, Fortunée."

Benie akakumbatia chupa tumboni. Maumivu yalikuwa bado yanauma, na yule wa mtumbwini alikuwa bado yuko mahali fulani nyuma ya macho yake, ingawa mbali kidogo. Waliposema amina, watu wakaanza kuingia. Benie akajiuliza: je, tantine atanyamaza juu ya ile ndoto?

Tantine Fortunée akavuta benchi, akakaa mbele yake, mgongo wake mpana ukamfunika.

"Mutoto ana nini?" mama mmoja akauliza.

"Tumbo," akajibu tantine. "Tumbo tu."